Salamu Zilizopitia kwa Mama

Mwalimu wetu wa Kiswahili sekondari alikuwa na desturi ya kutupa neno moja asubuhi na kutuambia tulitafutie ndugu zake. Siku moja alitupa kiungo. Tukaleta kitovu, kiini, fundo, mhimili, nguzo, makutano. Mmoja wetu mwenye wazimu wa kandanda akasema kiungo ni yule anayecheza katikati ya uwanja, na darasa likacheka. Mwalimu akasema huyo yuko sawa kuliko wengi, ila tusidhani maneno ndugu ni mapacha. “Mtumeni mpishi alete nguzo na fundi wa nyumba alete kiungo,” alisema, “halafu mniambie mmelala wapi na mmekula nini.”

Tangu shule nimezunguka sana. Nimepakia miwa, nimeosha mchanga kwenye machimbo ya dhahabu ya Migori, nimeuza viatu vya mitumba Suna, nimepaka rangi kuta za maduka ya watu. Kila mahali niliyakuta maneno yale ya mwalimu yakifanya kazi yao. Rodi Kopany, barabara zinapokutana, watu husema makutano, na mtu akikuambia mkutane makutano huna haja ya kuuliza wapi. Mjini Migori mfanyabiashara mmoja kutoka pwani aliniagiza niandike kwenye ukuta wake kwamba duka lake ni kitovu cha vifaa vya ujenzi. Niliandika, ingawa wateja wangu wa Kijaluo waliuliza kwa nini duka lina tumbo. Nguzo nimeisikia zaidi matangani. Hakuna mtu anayezikwa kwetu bila kuitwa nguzo, hata yule aliyeegemea wengine maisha yake yote.

Yote hayo nayafahamu na naweza kuyatumia. Ila la kumwita mama sijalipata.

Mama aliishi peke yake katika boma letu, mwendo mfupi kutoka Rodi Kopany, tangu baba alipokufa. Tulikuwa wana watatu. Kaka mkubwa alikuwa Muhuru Bay, ziwani, akivua omena, wale dagaa wadogo. Mimi wa pili nilikuwa popote. Mdogo wetu alikuwa Suna, anaendesha pikipiki ya abiria, amepanga chumba kimoja na mke wake na watoto wao. Mke wake ni Mkuria, na kwa ajili yake tulizoea kuongea Kiswahili nyumbani. Kijaluo kiliingia pale tu mtu alipokasirika.

Hatukuwa tunapigiana simu sisi wenyewe. Kila mmoja alimpigia mama, na mama ndiye aliyegawa habari. “Kaka yako anakusalimu,” angeniambia. “Anasema upunguze kuzunguka, utaimaliza miguu.” Au: “Mdogo wako anauliza kama kile kikohozi kilikuacha.” Nami nilisema naye umsalimie, nikaendelea na kazi yangu nikijua nina ndugu wawili na tuko sawa. Namba zao sikuwa nazo. Sikuona nina haja nazo.

Halafu miguu ya mama ikaanza kuvimba. Alikuwa akichota maji kwenye tangi nyuma ya jikoni na kupumzika mara mbili kabla ya kufika mlangoni. Mdogo wetu alipoona hivyo alisema anahama Suna kuja kujenga nyumbani, karibu na mama, na mke wake akakubali. Hapo ndipo tulipokwama.

Kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Katika boma la baba, mwana wa kwanza ndiye anayechimba shimo la kwanza na kusimamisha mti wa kwanza wa nyumba yake, hata kama ni kibanda cha kulala paka. Akishafanya hivyo anafuata wa pili, kisha wa tatu. Anayemruka ndugu yake anajiletea chira, laana ya kuvunja mila, na chira haina hospitali. Nimewaona wazee wa kanisa wanaohubiri Jumapili kwamba hayo ni mambo ya giza, lakini katika maboma yao nyumba zimepangana kwa umri kama watoto kwenye picha ya shule.

Na kaka yetu hakuwa amejenga. Baba alipokufa, kaka alikuwa visiwani upande wa Tanzania, simu yake haipatikani. Wajomba na baba wadogo walingoja, wakachoka kungoja, wakazika. Kaka alifika akakuta kaburi limeshasawazishwa na wageni wamebeba viti vyao. Alisimama pale akiwa na mkoba wake begani, hakuuweka chini, akageuka akarudi ziwani. Tangu siku hiyo hakuingia tena langoni.

Mama aliniita kutoka Migori. Nilimkuta barazani anabambua njugu, miguu ameinyoosha juu ya gunia.

“Nenda Muhuru,” akasema. “Mwambie ndugu yako aje siku moja tu. Asimamishe mti, anywe chai, arudi kwa samaki zake.”

“Si umpigie, Mama?”

“Nimempigia. Simu haina macho. Nenda akuone.”

“Akinifukuza je?”

“Atakufukuza kutoka wapi, na wewe hukai mahali?” Alicheka hadi njugu zikamwagika. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba anataka kuona moshi wa nyumba nyingine ndani ya boma lile kabla macho yake hayajafungwa.

Mdogo wetu alinisindikiza hadi barabarani kwa pikipiki. “Bro, mwambie pole pole,” alisema. “Usiende na ile midomo yako. Mwambie sitaki makuu. Nataka tu huyu mathe asichote maji peke yake.”

Nilimkuta kaka asubuhi, kwenye mchanga, kati ya wanawake waliokuwa wakianika omena juu ya nyavu kuukuu. Alikuwa amekonda na ndevu zimeingia mvi. Aliponiona alisimama wima.

“Nani amekufa?”

“Hakuna.”

“Hakuna kweli?”

“Kweli. Mama ndiye amenituma.”

“Basi umekuja kula samaki,” akasema, na mwanamke mmoja aliyekuwa karibu akadakia, “Huyu ni ndugu yako? Mbona yeye ana nyama?” Wakacheka wote, na kaka naye kidogo.

Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Nilitaka kuanza kwa upole kama nilivyoambiwa, kwa hiyo nikamshukuru kwa salamu zake za siku zote, na kwa ule ushauri wa miguu.

“Miguu gani?”

“Uliniambia nipunguze kuzunguka, nitaimaliza.”

“Mimi?” Alinikazia macho. “Sijui hata uko wapi siku hizi. Sijawahi kukutumia salamu.”

Nilidhani anatania. Akaendelea: “Wewe ndiye unayeniombea kila jioni, mama anasema. Wewe na mdogo wako. Eti mnapiga magoti.”

“Mimi sijapiga magoti tangu nikiwa kidato cha pili.”

Tukatazamana. Halafu tukacheka, sote wawili, kicheko kirefu kilichowafanya wale wanawake wageuke. Kisha kikaisha. Nilihisi baridi, ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Nilikuwa nikifikiri kati yetu kuna kamba na mama ameshika katikati yake. Hapakuwa na kamba. Alikuwa akiisokota mwenyewe kila siku, akatupa kila mmoja ncha.

Nikamwambia nilichotumwa. Alisikiliza akiwa anachambua omena mmoja kwa kucha.

“Baba mlimfukia bila mimi. Udongo wa kwanza ulitupwa na nani?”

“Na baba mdogo.”

“Basi baba mdogo asimamishe na mti.”

“Unajua haiwezekani.”

“Najua. Ndiyo maana nimesema.”

Nilimweleza kuhusu miguu ya mama, na tangi, na kwamba anapumzika mara mbili. Aligeuka akayatazama maji. Omena huvuliwa kwa taa, katika zile siku ambazo mwezi hauonekani, na wakati ule ulikuwa mwanzo wa giza. “Siwezi kuacha maji sasa,” akasema. “Mwezi ukiwa mkubwa, nitaona.” Akanifungia omena kwenye karatasi, akanipa, na hakunisindikiza.

Mama alikuwa akiningoja barazani.

“Amesema nini?”

“Amesema ataona.”

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa alichokuwa akikitarajia. Kisha akachukua simu, akampigia mdogo wetu, mbele yangu. “Ndugu yako amekubali,” akasema. “Mwezi ukishakuwa mkubwa anakuja. Anakusalimu sana. Anauliza yule mtoto mdogo ameota meno?” Hakupepesa hata jicho.

“Mama,” nikasema alipokata simu, “hakusema hivyo.”

“Wewe umemsikia kwa masikio. Mimi nilimzaa.” Akaiweka simu ndani ya nguo kifuani. “Kama ningebeba kila neno lenu kama lilivyotoka mdomoni, mngekuwa mmeshauana. Pika hao omena.”

Mdogo wetu alileta miti na mabati wiki hiyohiyo, akavipanga nyuma ya jikoni. Mama alipafagia pale mahali pa kaka, upande wa kulia wa lango, hadi udongo ukawa mweupe. Mwezi ukaja, ukajaa, ukaanza kuliwa. Kaka hakuja. Mama alisema amepiga simu, nyavu zimechanika, atakuja mwezi unaofuata. Au ndivyo alivyotuambia. Sikuwa na njia ya kujua, na mdogo wangu sikumwambia lolote.

“Mimi najenga,” akasema mdogo wetu siku moja, kwa Kijaluo. “Akija akute nimejenga. Ataniua?”

“Jenga,” mama akajibu. “Lakini unizike kwanza.”

Aliupiga teke mmoja wa miti yake, akapanda pikipiki akaenda. Mke wake, aliyekuwa amekuja na watoto kumtembelea mkwewe, alibaki akiutazama ule mti kama anayetaka kuuokota na kuuliza kosa lake.

Mimi nami nikarudi Migori. Sikuwa na sababu. Miguu tu iliniwasha, kama kawaida. Mvua zilikuwa zimeanza. Jirani alimkuta mama asubuhi karibu na tangi, ndoo imelala pembeni. Walimbeba, lakini alikata roho kabla gari halijafika lami.

Namba ya kaka tuliitoa kwenye simu ya mama. Mdogo wetu ndiye aliyepiga, kwa simu hiyohiyo. Alituambia baadaye, mimi na mke wake, na hakulirudia tena: kaka alipokea kabla haijaita mara ya pili, akasema kwa haraka, “Mama, nakuja mwezi huu, nimeshaaga,” hata kabla ya kusalimiwa. Mdogo wetu alibaki ameshika simu sikioni. Kaka akaendelea kuita, “Mama? Mama?”

Kumbe kweli alikuwa anakuja. Mama hakuwa ametudanganya sana.

Alifika siku ileile. Safari hii mkoba aliuweka chini. Wazee wakasema mwili hauwezi kuletwa wakati wana wazima hawana nyumba bomani, kwa hiyo tukaanza kujenga mvua ikitunyeshea. Kaka alichimba shimo la kwanza kwa nguvu kama anayechimbua kitu, akasimamisha mti wa kwanza. Ulikuwa mti wa mdogo wetu. Nyumba yake ya mabati ilipoezekwa ikafuata yangu, ndogo, ya kuingia ukiinama. Kisha ya mdogo wetu, kwa mabati yaliyobaki. Jambo ambalo mama aliliomba miezi yote kwa kikombe cha chai tulilimaliza kabla ya maiti kutoka mochari. Jioni jirani akatuwashia moto katika kila nyumba. Moshi ulitoka sehemu tatu.

Kwenye mazishi waliniomba niseme maneno ya Kiswahili, kwa sababu wakwe zetu Wakuria walikuwepo, na pia wachuuzi wa sokoni waliomfahamu mama kwa njugu zake. Waliotangulia walikuwa wameshasema nguzo, na mhimili. Nilisimama nikiwa nimetayarisha kiungo. Lakini kiungo huunganisha vitu viwili vilivyopo, mkono na bega, na ukikiondoa mkono bado ni mkono. Kitovu nacho hubaki tumboni kazi yake ikiwa imekwisha zamani. Fundo unaweza kulifungua na kamba ikabaki. Nguzo hukaa kimya na kungoja uzito, wakati mama hakuwahi kukaa kimya. Niliyapitia yote pale mbele za watu, kichwani, na kila moja lilimwacha nje. Mwishowe nikasema, “Alikuwa akitusalimia,” nikakaa. Watu walidhani nimezidiwa, wakaanza wimbo.

Baada ya mazishi, watoto wa marehemu hutawanyika kwa zamu. Wa kwanza huondoka kwanza, kisha anayefuata. Mkubwa asipoondoka, wengine hawatoki. Tulinyolewa, tukala, wageni wakaenda. Tukamngoja kaka aondoke.

Hakuondoka. Alikaa kwenye mlango wa nyumba yake ya mabati, akilitazama boma. Asubuhi alifagia. Alikata matawi yaliyoning'inia juu ya lango. Mwezi ulijaa, ukaanza kupungua, omena walikuwa karibu kurudi, naye yuko palepale. Mdogo wetu alikuwa na pikipiki ya mtu mwingine inayomngoja Suna, na chumba kilichofungwa chenye vitu vyake vyote. Mimi nilikuwa nikizunguka boma kama mbuzi aliyefungwa. Kati ya mlango wangu na mlango wake ungeweza kurusha gunzi. Lakini sisi hatukujua mtu anamwambiaje ndugu yake kitu.

Mdogo wetu alijaribu kumtuma mke wake. “Ukipeleka chakula, muulize tu. Kwa njia nzuri.”

Mwanamke yule aliweka sufuria chini. “Mimi si simu yenu,” akasema. “Mama yenu amekufa. Sina miguu ya kuwabebea maneno wanaume watatu. Ndugu yenu huyo hapo, ameketi. Nendeni.”

Akaenda mdogo wetu. Mimi nilibaki kwenye kizingiti changu, naona na kusikia. Alisimama mbele ya kaka, mikono mifukoni, na kwa sababu aliogopa, alisema kwa sauti ya juu kuliko alivyotaka:

“Brother, unaondoka lini?”

Kaka aliinua uso. Nilimwona akilingoja neno jingine lifuate, lolote. Mama angelilisema. Mama angesema: ndugu yako anauliza kama umepata usingizi, anasema nyumba imekupendeza, anaomba umfungulie njia akalete vitu vyake ili akae karibu nawe. Na hilo lingekuwa kweli, kwa sababu ndilo mdogo wetu alilomaanisha. Nilijua. Nilikuwa nimekaa pale nikilijua, na ulimi wangu, ambao umeuza viatu katika masoko yote ya Migori, haukuinuka.

“Sawa,” kaka akasema. “Nimesikia.”

Aliingia ndani, akatoka na mkoba. Alipita karibu na kaburi, akasimama kidogo, akatoka langoni bila haraka. Mlango wake aliuacha wazi.

Nami, kwa kuwa sasa njia ilikuwa imefunguka, niliondoka siku iliyofuata.

Mdogo wetu alihama Suna akajenga vizuri zaidi, anaishi pale na familia yake. Wakwe wanasema amefanya vyema. Nyumba ya mama hairekebishwi, kwa kuwa kwetu nyumba ya marehemu huachwa iende yenyewe, na ukuta wa upande wa jikoni umeshaanguka. Nilipopita mara ya mwisho, mke wa mdogo wetu aliniambia kuku wake wamechagua kutagia katika nyumba ya kaka, akafukuza wakarudi, akafukuza wakarudi, akaacha. “Akija nitapasafisha,” alisema. Nikasema sawa.

Kazi ilinipeleka Muhuru mwaka huu, kupaka rangi duka la vifaa vya uvuvi. Kutoka juu ya ngazi niliona mchanga wote, nyavu zimetandazwa, watu wameinama. Mmoja alikuwa na mabega kama ya baba. Nilipaka hadi mchana, nikashuka, nikanawa mikono kwa mafuta ya taa, nikamwuliza mwenye duka barabara ya kurudi ni ipi, ingawa niliijua.